Kupima Maafa Upareni: Mvua, Mteremko na Ukame katika Historia ya Same

Ukame na mafuriko katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, hutokana na mvua ileile moja, ambayo mlima huigawa bila usawa kwa watu wanaoishi kwenye miteremko yake na wale wanaoishi chini yake, na kwa sababu hiyo historia ya kupima hatari ya maafa katika eneo hili ni historia ya namna watu walivyouelewa, na wakati mwingine walivyousahau, uhusiano uliopo kati ya kilele na tambarare. Wataalamu wa maafa hupima hatari kwa kuunganisha mambo matatu: tishio lenyewe, yaani tukio la asili kama mvua kubwa, ukame au maporomoko ya udongo; watu na mali vilivyo katika njia ya tishio hilo; na udhaifu, yaani kiasi ambacho watu hao hushindwa kulihimili pigo au kuinuka baada yake. Namna hii ya kupima ilienezwa duniani hasa na mpango wa Hyogo wa mwaka 2005 na mwongozo wa Sendai wa mwaka 2015, yote miwili ikiwa imepitishwa nchini Japani. Upareni, eneo la milima ambalo Same ni sehemu yake, mambo hayo matatu yalikuwa yakipimwa kwa vitendo tangu zamani, katika uchaguzi wa mahali pa kujenga nyumba, katika uchimbaji wa mifereji na katika makatazo ya kuingiza shoka msituni, ingawa hakuna aliyeyaandika katika jedwali.

Milima ya Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya miamba ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Upare ya Kaskazini, yenye Usangi na Ugweno, leo imo katika Wilaya ya Mwanga, na Upare ya Kusini ndiyo uti wa mgongo wa Wilaya ya Same, ikifikia mita 2,462 juu ya usawa wa bahari katika kilele cha Shengena. Pepo za Bahari ya Hindi zinapoupanda mlima kutoka mashariki hupoa na kuangusha maji yake juu ya Gonja, Vuje na Mamba, kisha zinaposhuka upande wa magharibi kuelekea Makanya na Hedaru huwa zimekwisha kukauka, hali ambayo wanajiografia huiita kivuli cha mvua. Mji wa Same, ulio katika kivuli hicho, hupata kwa wastani milimita kati ya 500 na 600 za mvua kwa mwaka, ilhali sehemu za juu hupata zaidi ya 1,000, na umbali kati ya pande hizo mbili ni mwendo ambao mtu aliyezoea milima huumaliza kwa siku moja. Mvua ya tambarare, hata ikiwa chache, ingeweza kulisha mahindi na fiwi kama ingenyesha kwa utaratibu, lakini imegawanyika katika vuli, inayonyesha Oktoba hadi Desemba, na masika, yanayonyesha Machi hadi Mei, na msimu wowote kati ya hiyo unaweza kuishia katika manyunyu ya wiki chache au katika dhoruba mbili tatu zinazomwaga kwa saa chache maji yaliyotakiwa kuenea miezi mitatu.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya siasa za Wapare kilichapishwa mwaka 1969 baada ya kukusanya masimulizi ya koo mbalimbali, alifuatilia maisha ya watu wa milima hiyo tangu mnamo mwaka 1500, na picha inayojitokeza ni ya jamii zilizojipanga kwa kufuata mwinuko. Makazi yalikuwa juu, mahali ambapo vijito havikukauka na ambapo malaria na ndorobo wa tambarare hawakufika kwa wingi, na katika karne ya 19 mlima uliongeza faida nyingine, ile ya kuwa ngome dhidi ya uvamizi na dhidi ya biashara ya watumwa iliyoifuata njia ya misafara kutoka Pangani. Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba Wapare walijifungia juu kwa hofu. Kaya ilipendelea kuwa na mashamba katika miinuko tofauti, migomba na maharage juu, nafaka chini zaidi, ili mwaka ambao mvua ingeshindwa kufika chini usiwe mwaka wa njaa juu, na mwaka ambao baridi na ukungu vingeharibu mazao ya juu uwe na chochote cha kuvuna chini. Mtafiti Thomas Håkansson ameonyesha pia kwamba mazao ya mlimani yalibadilishwa kwa mifugo ya watu wa tambarare, na mifugo hiyo ikawa akiba na kifungo cha urafiki kati ya familia zilizokaa mbalimbali. Kwa lugha ya wataalamu wa leo, huo ulikuwa utaratibu wa kuigawa hatari ili isimwangukie mtu mmoja mahali pamoja, na ulifanya kazi kwa sababu kila familia ilijua kwa hakika nini kinaweza kutokea kwenye kila ngazi ya mteremko.

Ujuzi huo unaonekana wazi zaidi katika ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya umwagiliaji, linalojengwa kwa kuta za udongo na mawe kwenye mteremko, chini ya kijito na juu ya mashamba, na maji huletwa ndani yake kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa ukiambaa na mlima kwa mwinamo mdogo sana ili maji yatembee bila kuchimbua udongo. Tundu la kutolea maji huwa kwenye kitako cha ukuta na huzibwa jioni, maji ya usiku kucha yakajikusanya, na asubuhi huzibuliwa ili mkondo uliolimbikizwa, ambao sasa una nguvu ya kufika mbali, upelekwe shambani kwa mwenye zamu. Maana ya ufundi huu ni rahisi kueleza: kijito chembamba cha kiangazi, kikiachwa kitiririke chenyewe, kingenywewa na mchanga kabla ya kufika shamba la tatu, lakini kikikusanywa na kuachiwa kwa mkupuo hufika hadi mashamba ya mbali. Ndiva kwa hiyo haikuwa chombo cha kuzalisha chakula kingi katika mwaka mzuri. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuziba ufa wa wiki mbili au tatu zisizo na mvua katikati ya msimu, wakati mahindi yanatoa mbelewele na ukosefu mfupi wa maji unaweza kuangamiza mavuno yote, na mtu anayesoma takwimu za mvua za Same leo ataona kwamba ufa huo wa katikati ya msimu ni tishio la mara kwa mara kuliko ukame wa mwaka mzima.

Ndiva ilikuwa pia daftari la wajibu. Aliyeiasisi au ukoo wake ulikuwa na sauti ya kwanza katika ugawaji wa maji, zamu zilijulikana, na matengenezo yalifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya ililazimika kuleta nguvu zake, na asiyefika alitozwa faini. Kuzibua tope, kuziba nyufa na kufyeka kando ya mfongo vilifanyika kabla ya mvua, na huo ndio wakati ambapo watu waliutembea mteremko wote kutoka chanzo hadi mwisho wa mfereji, wakaona wapi ardhi imeanza kupasuka, wapi mti umeng'oka na wapi maji yametafuta njia mpya. Ukaguzi wa aina hii, unaofanywa kila mwaka na watu haohao juu ya ardhi ileile, una thamani ambayo ramani ya ofisini huipata kwa shida sana, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika maandishi mengi ya maendeleo ndiva imeelezwa kama mbinu ya kilimo peke yake, ilhali ilikuwa pia taasisi ya kuangalia hali ya mlima.

Sehemu nyingine ya utaratibu huo ilikuwa misitu iliyolindwa kwa mila. Kila eneo lilikuwa na misitu midogo ya koo, mingine ya matambiko ya mababu na mingine, iliyoitwa mshitu, ya jando, na humo ilikatazwa kukata miti, kuchunga au hata kupita ovyo, na mingi kati yake ilikuwa juu ya vilima au kando ya chemchemi. Si lazima kudai kwamba walioyaweka makatazo hayo walikuwa wakifikiria mmomonyoko wa udongo. Walikuwa na sababu zao za kidini na za kijamii, na hizo zinatosha. Matokeo yake lakini yalikuwa kwamba vichwa vya makorongo vilibaki na mizizi na vyanzo vya maji vilibaki na kivuli. Mbaga, katika Upare ya Kusini, ilisifika kwa waganga wa mvua, ambao walipokea mifugo na heshima kutoka sehemu nyingine, na ambao waliwajibika, kwa maana halisi ya neno hilo, mvua ilipokosekana. Leo mganga wa mvua huchukuliwa kama alama ya imani za kale, lakini kuwepo kwake kunaonyesha kwamba jamii iliuweka ukame miongoni mwa mambo ya utawala na ikataka awepo mtu wa kuulizwa.

Utaratibu huu ulikuwa na mipaka, na mwishoni mwa karne ya 19 mipaka hiyo ilidhihirika kwa ukatili. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki mnamo 1890 na 1891, uliteketeza akiba iliyokuwa katika mifugo, nzige wakafuata katikati ya muongo huo, na kati ya 1898 na 1900 njaa kubwa ikaikumba sehemu yote ya kaskazini mashariki, Upare ikiwemo. Mbinu za kuigawa hatari hutegemea kwamba pigo moja halitagusa ngazi zote kwa pamoja, na katika miaka hiyo mapigo yaliandamana, huku utawala wa Wajerumani ukiwa umeanza kudai kodi na nguvu kazi.

Wajerumani ndio walioanza kuigeuza ramani ya makazi. Reli ya Usambara, iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911, ilipita chini ya mlima upande wa magharibi, sambamba na bonde la mto Pangani, ikazaa vituo vya Hedaru, Makanya na Same mahali ambapo hapo awali palikuwa na wafugaji, misafara na wanyama, na mashamba ya mkonge yakaifuata reli. Chini ya Waingereza, Wilaya ya Upare iliundwa mwaka 1928 na makao yake yakawekwa Same, katika kivuli cha mvua, kwa sababu zilizohusu reli na barabara. Tangu hapo ofisi inayowajibika kwa mlima imekuwa ikiutazama kutoka chini. Usalama dhidi ya uvamizi uliporejea na vibarua wakahitajika, watu walianza kushuka, mwanzoni kwa msimu na baadaye kwa kudumu, na kila kaya iliyoshuka ilibadilisha tishio moja kwa jingine: ilijiepusha na ufinyu wa ardhi na miteremko mikali, ikajiweka katika ukame na katika njia ya maji yanayotoka mlimani kwa ghafla. Hakuna chombo cha serikali kilichoipima hatari hiyo mpya wakati inaundwa.

Serikali ya kikoloni ilipojishughulisha na mteremko ilifanya hivyo kwa amri. Misitu ya juu, ukiwemo Msitu wa Chome unaoizunguka Shengena, ikawekwa chini ya hifadhi ya serikali, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampeni za kuzuia mmomonyoko zikaenea katika milima yote ya kaskazini mashariki, mfano unaojulikana zaidi ukiwa ule wa Mlalo, Usambara, ulioanza mwaka 1946. Upareni kwenyewe kumbukumbu kubwa ya miaka hiyo ni ya mbiru, yaani upinzani dhidi ya kodi iliyopangwa kwa kukadiria utajiri wa kila mlipaji, ambapo mnamo Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani na kupiga kambi Same. Ingawa mbiru ilihusu kodi na si maafa, ina funzo linalohusika na mada hii, kwa kuwa kilichokataliwa kilikuwa makadirio yaliyofanywa na wakubwa kuhusu mali ya watu bila njia ambayo watu wenyewe waliiona kuwa ya haki, na tathmini yoyote ya wilaya, iwe ya kodi au ya hatari, huomba jambo lilelile, yaani watu wakubali kuhesabiwa.

Baada ya uhuru mabadiliko yalikuwa ya haraka. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, vijiji vikapata serikali zake, na sheria ya maji ya mwaka 1974 ikayaweka maji yote chini ya dola, hivyo mamlaka ya koo juu ya ndiva na misitu ya mila yakabaki bila nguvu ya kisheria. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyechunguza Upare ya Kaskazini, ameeleza jinsi kipindi hicho kilivyoacha utata kuhusu nani hasa anamiliki mfereji au msitu, na utata huo ukawa mwanya wa kukata miti na kuacha mabwawa yajae tope. Lawama haiwezi kutupiwa sera peke yake, kwa maana idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka, kahawa ilikuwa ikipoteza bei na vijana walikuwa wakiondoka, lakini ni kweli kwamba kijiji kilirithi wajibu wa mlima bila kurithi ratiba ya kuukagua. Upande wa tambarare nako nafasi ilipungua: wafugaji walioondolewa katika Pori la Akiba la Mkomazi mwaka 1988 walipoteza malisho ambayo yalikuwa kimbilio lao katika miaka ya ukame, na pori hilo lilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 mpaka huo ukawa wa kudumu. Mfugaji ambaye zamani aliukabili ukame kwa kuhama sasa huukabili akiwa amekaa mahali pamoja, na udhaifu wake umeongezeka hata kama mvua haikubadilika kwa milimita moja.

Mwaka 2009 unaonyesha kwa nini matishio ya Same hayapaswi kupimwa moja moja. Sehemu kubwa ya mwaka huo wilaya za kaskazini mwa Tanzania zilikuwa katika ukame uliowaua ng'ombe kwa wingi, na taarifa za maafa zilizungumzia chakula cha msaada na mizoga. Kisha mvua za vuli zikaja kwa nguvu, na mnamo Novemba ardhi ikaporomoka katika kijiji cha Goha, kata ya Mamba Miamba, upande wa mashariki wa Upare ya Kusini, ikawaua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa wamefukiwa pamoja na nyumba zao. Wilaya moja, katika mwaka mmoja, iliomba msaada kwa sababu ya ukosefu wa maji na kuchimbua miili kwa sababu ya wingi wake.

Namna maporomoko kama hayo yanavyotokea inafahamika vizuri. Mwamba wa Upare umemung'unywa na hali ya hewa kwa muda mrefu sana hata ukafunikwa na tabaka nene la udongo mwekundu wenye mfinyanzi, na tabaka hilo hukaa juu ya mwamba mgumu usiopitisha maji. Mvua ndefu inapolowesha udongo, maji hushuka hadi yanapogonga mwamba, hujikusanya hapo, huuongezea udongo uzito na wakati huohuo hupunguza msuguano unaoushikilia, mpaka siku ambapo tabaka zima huteleza kwa mara moja likiwa na miti, mawe na chochote kilichojengwa juu yake. Mizizi mirefu huchelewesha jambo hilo, na ukataji wa mteremko huliharakisha. Katika milima ya Mamba familia nyingi hupata kiwanja kwa kuukata mteremko, udongo uliokatwa ukasogezwa mbele ili kupanua uwanja, na hivyo nyumba hukaa kati ya ukuta wa udongo usio na mshiko nyuma yake na kifusi kilicholegea mbele yake. Tangawizi, zao lililoiletea Mamba Miamba kipato ambacho kahawa haikuweza tena kukileta, hulimwa katika miteremko hiyo na huvunwa kwa kuchimbuliwa, kitendo kinachouacha udongo ukiwa umetifuliwa. Kuwaambia wakulima waache tangawizi bila kuwapa zao jingine lenye bei ni kuwataka wabadilishe hatari ya mteremko kwa hatari ya umaskini, na mzazi yeyote mwenye ada ya shule ya kulipa anajua ipi kati ya hizo mbili inabisha hodi mapema.

Maafa ya Goha hayakuwa ya kipekee nchini. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang liliufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara, na kuwaua zaidi ya watu 80, ingawa pale, tofauti na Goha, waathirika wengi hawakuwa wamejenga mlimani. Walikuwa wamejenga chini, penye soko na barabara, katika njia ambayo mlima ulikuwa haujaitumia kwa muda unaotosha kusahauliwa.

Ugumu wa kupima mvua yenyewe katika Upare umewahi kuonekana kwa usahihi usio wa kawaida. Tarehe 1 Machi 2006, wakati watafiti wa maji walipokuwa wameweka vipima mvua vingi katika bonde la Makanya, dhoruba moja iliangusha zaidi ya milimita 100 kwa takriban saa 3 katika sehemu ya eneo hilo, yaani karibu sehemu ya tano ya mvua ya mwaka mzima ya mji wa Same. Mto Vudee, unaokusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 26, ulifurika vibaya, ilhali Ndolwa, bonde dogo linalopakana nalo, lilipata mkondo mdogo sana kwa kulinganisha. Wingu lilikuwa limekaa upande mmoja wa tuta la mlima. Kipima mvua kimoja kilicho mbali kidogo kisingeona kitu, na afisa ambaye angetegemea kituo cha hali ya hewa cha mjini angeandika kwamba siku hiyo haikuwa na jambo la kutisha. Tathmini ya hatari inayojengwa juu ya wastani wa wilaya hubeba kosa hilihili ndani yake, kwani wastani wa Same huchanganya kilele cha Shengena na tambarare za Ruvu, na hakuna mtu anayeishi katika wastani.

Bonde hilohilo la Makanya linatatiza pia dhana kwamba mafuriko ni adui siku zote. Maji ya Vudee na vijito vingine, baada ya kutumiwa na ndiva za juu kama Manoo, ambayo ilikarabatiwa kwa saruji mwanzoni mwa miaka ya 2000, hayafiki chini isipokuwa wakati wa dhoruba, na wakulima wa Makanya wamejenga kilimo kizima juu ya jambo hilo: mlima unaponguruma usiku hutoka na majembe, hufungua vinywa vya mifereji yao, huweka vizuizi vya matawi na mchanga katika korongo, na kuyaelekeza maji yenye tope katika mashamba ya mahindi ambayo hayatapata tone jingine kwa wiki kadhaa. Mafuriko yakikosa kuja, Makanya hukosa mavuno. Yakija kwa nguvu kupita kiasi, hubeba vizuizi, huchimba korongo upya na kuyaacha mashamba juu ya usawa wa maji. Ndani ya saa chache baraka na tishio hutenganishwa na kina cha maji tu, na jedwali linaloandika mafuriko katika safu ya hasara haliwezi kuonyesha hilo. Upande wa mashariki hali ni hivyo pia katika bonde la Mkomazi, ambako skimu ya mpunga ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mnamo 1990, hutegemea mito inayoshuka kutoka miteremko ileile iliyoporomoka mwaka 2009, na kila kinachofanywa Mamba hupokewa Ndungu kikiwa maji au kikiwa tope.

Sheria za nchi zimekuwa zikisogea, polepole, kuelekea tathmini ya kabla ya tukio. Sheria ya mwaka 1990 ilihusu zaidi uratibu wa misaada baada ya maafa, jina lake lenyewe likitaja misaada. Ile ya mwaka 2015 ilizungumzia usimamizi kwa ujumla, na iliyochukua nafasi yake, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inatambua kamati kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Katika karatasi, basi, Same ina muundo unaoweza kufika Goha na Makanya. Kamati ya wilaya lakini hupanga kazi kwa kufuata mipaka ya kata, na maji hayafuati mipaka hiyo. Kijito kinachoanzia kata ya juu humwagikia kata ya chini, na viongozi wa kata hizo mbili hukutana mara nyingi zaidi katika vikao vya mjini kuliko kando ya mto. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ndiyo inayotazama bonde kwa ukamilifu wake, ila kazi yake ya asili ni vibali na mgawo wa maji. Vyama vya watumiaji maji na kamati za ndiva zilizosalia ndivyo vyombo pekee ambavyo mpaka wake ni mkondo wenyewe, na wilaya inayotaka kujua ni mteremko upi umeanza kupasuka ingefanya vyema kuwauliza hao kwanza, kwa utaratibu uliowekwa na kwa kumbukumbu zinazotunzwa, kabla ya vuli na tena kabla ya masika.

Haja hiyo imekuwa ya haraka kwa sababu njia ya tishio inabadilika tena. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 269,807 katika wilaya hii na ile ya 2022 ikahesabu 300,303, na ukuaji huo huonekana zaidi kandokando ya barabara kuu ya chini kuliko juu milimani. Mnamo Machi 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa unaoyaleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu katika miji ya Same na Mwanga, mradi uliosubiriwa kwa miaka mingi na ambao umewaondolea wakazi wa tambarare sababu kubwa iliyowazuia kujenga huko, yaani kiu. Viwanja vitaendelea kupimwa chini ya mlima, na ardhi iliyo nyororo zaidi kwa ujenzi chini ya mlima ni ile iliyotandazwa na makorongo yenyewe, penye mchanga mzuri, mteremko mdogo na mifereji mikavu ambayo mgeni anaweza kuidhani kuwa njia za ng'ombe. Mpima ardhi anayeweka bikoni katika eneo kama hilo anahitaji taarifa mbili ambazo hazipo katika mchoro wa mipango miji: korongo lililo karibu linabeba maji ya mlima kiasi gani, na mara ya mwisho maji hayo yalipotoka nje ya kingo zake yalifika wapi. Taarifa ya kwanza inaweza kukokotolewa kutoka ramani za mwinuko. Ya pili iko kwa wazee wa Suji, Vudee na Mwembe na kwa wakulima wa Makanya waliowahi kutoka usiku na majembe, nayo inapaswa kuandikwa wangali hai wa kuulizwa.